Vibuyu Vitupu vya Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanabisha hodi milangoni na kuulizana habari za watoto, alikuwapo Nguchiro mmoja mwenye miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Nguchiro mnamjua. Ni yule mwembamba mwenye mkia mrefu, anayekatiza njia kabla hujamaliza kusema, "Yule nani?"

Nguchiro huyu alikuwa na ghala, na ghala lenyewe lilikuwa tupu. Mwaka uliotangulia alikula akiba yake yote kabla ya masika, akapitisha mvua nzima akiomba chakula kwa majirani. Aibu iliyoje! Kila alipolitazama ghala lile alijiambia, "Mwaka huu simwombi mtu."

Siku moja alikuwa anapita karibu na kona ya mto, mara akasikia ardhi inatikisika.

Tu! Tu! Tu!

Alikuwa Bibi Ndovu, anatwanga gome. Pale konani palikuwa na mti mmoja mchungu, na gome lake likitwangwa na kuchemshwa lilikuwa dawa ya homa ya masika. Hakuna mwingine aliyejua kuitengeneza ila yeye. Alikuwa akibambua kipande upande mmoja, anauacha mti upumue mpaka ngozi yake iote tena, ndipo abambue upande wa pili.

"Hodi hapa!" akaita Nguchiro.

"Karibu. Nani huyo? Sikuoni."

"Niko huku chini, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sogea kando nisije nikakukanyaga."

Nguchiro akasogea. Akaona miguu ya Bibi Ndovu imevimba, imepakwa tope mpaka magotini.

"Pole na miguu, Bibi."

"Nimeshapoa. Natwanga kutwa, halafu natembeza dawa mwenyewe nyumba kwa nyumba. Miguu ni minne, lakini yote inauma." Akaacha kutwanga, akatazama ng'ambo ya mto. "Masika iliyopita mtoto wa kwanza wa Mama Digidigi alishikwa na homa, kule ng'ambo. Nikaondoka na kibuyu changu. Nilifika siku ya tatu, nikakuta wameshazika."

Nguchiro akatazama ng'ambo naye.

"Siku ile niliapa," akasema Bibi Ndovu. "Hatakufa mtoto mwingine ng'ambo huku dawa yangu imekaa hapa konani. Lakini kiapo bila miguu kitafika wapi?"

Masikio ya Nguchiro yakasimama wima. Alimhurumia Bibi, hilo msilikatae. Lakini pia alikuwa ameliona shamba la karanga nyuma ya nyumba, limestawi mpaka linatamanisha.

"Bibi," akasema, "kutwanga ni kazi moja na kutembeza ni kazi nyingine. Kwa nini mtu mmoja azibebe zote mbili? Wewe una nguvu, twanga. Mimi nina mbio, nitatembeza."

"Na nitajuaje kama umetembeza kweli? Mimi nitakuwa hapa."

"Rahisi sana! Kibuyu kikirudi kitupu, nimefanya kazi. Kikirudi kimejaa, nimezurura."

Bibi Ndovu akafikiri. Wakubwa hufikiri polepole, nanyi msiwacheke, kwa sababu hata wakifikiri polepole wanaweza kukosea kama sisi.

"Haya," akasema mwishowe. "Kila kibuyu kitupu, pishi moja ya karanga. Lakini kuna desturi yangu. Unaliona hili fundo la ukindu mdomoni mwa kibuyu? Halifunguliwi kabla ya maswali matatu. Nani anaumwa? Tangu lini? Amekula nini? Mtoto hupewa nusu, na aliyelala na njaa hupewa uji kwanza. Sasa niambie: wakisema hakuna anayeumwa, unafanya nini?"

"Nafungua fundo nimwonjeshe kidogo..."

"Ng'o! Unawatakia heri, unaondoka na kibuyu chako."

"Sawasawa, Bibi."

Mdomoni alisema sawasawa. Moyoni alisema, kibuyu kilichofungwa hakina karanga.

Asubuhi ya pili Nguchiro akachukua mzega, ule mti wa kuchukulia mzigo begani, akaning'iniza vibuyu vidogo huku na huku, akashika njia ya kivukoni. Kweli kabisa, alikuwa anakwenda ng'ambo! Alifika majini, akatia mguu mmoja.

Chubwi!

"Baridi!" akautoa.

Akatazama ng'ambo. Nyumba zilikuwa saba tu, tena zimetawanyika, na ya mwisho, ya Mama Pimbi, ilikuwa juu kabisa kwenye majabali. Kutwa nzima kwa nyumba saba, na pengine asiumwe hata mmoja. Akatazama huku. Hapo hapo kivukoni palikuwa nyumbani kwa Kiboko.

"Ng'ambo nitakwenda kesho," akajiambia.

Wanangu, mnaijua hiyo kesho. Na mimi naijua.

"Hodi, Bwana Kiboko!"

"Kariiibu," akajibu Kiboko, akapiga mwayo mkubwa, haaaaa! Nguchiro angeweza kuingia humo na mzega wake.

"Nani anaumwa hapa?"

"Hakuna anayeumwa."

Nguchiro akageuka aondoke. Haki ya nani, aligeuka kabisa! Lakini vibuyu vikagongana begani, ko ko ko, na kila alipovisikia aliona pishi za karanga zinampungia mkono kwaheri. Akageuka tena.

"Bwana Kiboko, huo mwayo uliopiga sasa hivi. Ni wa ngapi tangu asubuhi?"

"Aa, sijui. Nani anahesabu miayo?"

"Hajui!" Nguchiro akashika kichwa. "Toba! Basi umeanza kusahau. Masika iko mlangoni, na homa ya mwaka huu nasikia inaanza kwa miayo, halafu kunakuja kusahau."

"Usinitanie!"

"Mimi nitanie? Mimi nauliza tu, Bwana. Je, mchana unapenda kulala majini?"

"Kila siku!" Kiboko akaanza kutetemeka mashavu. "Na hiyo ni dalili?"

"Sisemi ni dalili. Sisemi si dalili."

"Nipe kimoja! Hapana, nipe viwili!"

Fundo likafunguliwa, fyu! Kiboko akameza kimoja papo hapo, akakunja uso kwa uchungu. Cha pili akakimimina kwenye mtungi wake, akauficha kwenye matete.

Nguchiro akaondoka akirukaruka. Hakuwa amesema uongo hata neno moja, alijiambia. Aliuliza maswali tu. Hata Bibi Ndovu alisema aulize maswali!

Kwa Twiga alisema, "Shingo ndefu hivi, Bibi mrembo, dawa ikishuka kutoka kichwani mpaka tumboni si itakuwa imepoa njiani?" Twiga akachukua viwili, cha kushuka na cha kusukuma. Kwa Nyati hakuhangaika hata na dalili.

"Hodi, Bwana Nyati! Sina haja ya kukaa, napita tu kwenda kwa Simba. Anataka vibuyu vitano."

Nyati akaacha kucheua. "Vitano? Simba ana homa?"

"Hana. Anataka homa ikija imkute amejiandaa. Anasema wengine watalala chini, yeye atabaki amesimama."

"Wengine kina nani?"

"Sikumuuliza. Alikuwa anatazama huku kwako."

"Nipe sita!" akanguruma Nyati.

Na kwa Simba, mnadhani alisema nini? Naam. Alisema Nyati amechukua sita. Simba akataka saba. Siku ya pili Nyati akasikia saba, akataka nane. Wakubwa wale hawakuwa wanainywa dawa yenyewe. Waliijaza kwenye mitungi yao, wakaipanga uvunguni, na kila mmoja alilala juu ya mitungi yake akimsikiliza mwenzake.

Nguchiro akarudi konani na vibuyu vitupu. Ko ko ko ko!

"Lo!" Bibi Ndovu akashangaa. "Kumbe wagonjwa walikuwa wengi hivi, nami nilikuwa nakaa tu nasikilizia miguu?"

"Wengi, Bibi."

"Na ng'ambo? Kule ng'ambo umefika?"

Nguchiro akaviinamia vibuyu vyake. "Ng'ambo... wanakusalimu sana, Bibi."

Huo sasa ulikuwa uongo. Ulimkwama kidogo kooni, akakohoa, ukapita. Bibi Ndovu alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Akampimia karanga za kufurika pishi, akarudi kwenye kinu chake, tu! tu! tu! Akabambua upande wa kwanza wa mti, wa pili, na wa tatu. Yeye aliyekuwa akiuacha mti upumue, safari hii hakuuacha. Alijua wagonjwa ni wengi, na mwenye huruma hukosea kwa haraka. Mwezi ulipokwisha, mti ulisimama mweupe, umevuliwa nguo kutoka juu mpaka chini.

Na ghala la Nguchiro je? Lilijaa, wanangu. Lilijaa mpaka mlango ukakataa kufungwa. Alikuwa analala mbele yake akilitazama, na bado kila asubuhi aliposhika njia alijiambia, "Ng'ambo kesho."

Kisha masika ikaanguka. Pwaa! Mto ukafura. Na homa ikaja kama ijavyo kila mwaka, haikubisha hodi.

Siku moja asubuhi Nguchiro alikuwa barazani kwa Bibi Ndovu, anapokea pishi zake za mwisho, mara wakasikia kitu kinajikokota kutoka mtoni. Alikuwa Mama Digidigi. Alikuwa amelowa chepe chepe, kijiguu kimoja kinatoka damu. Mnyama mdogo kama yule, alikuwa ameuvuka mto ule!

Hakuamkia. Alisimama mbele ya Bibi Ndovu, akamtazama juu.

"Bibi, sisi wa ng'ambo tumekukosea nini?"

"Mmenikosea? Mwanangu, kwa nini?"

"Kila nyumba ya huku ina dawa. Nimesikia hata Twiga anayo, na haumwi. Kwetu mwezi mzima huu hajafika mtu. Mwanangu wa pili anawaka moto tangu juzi. Wa kwanza ulikuja umechelewa, nikasema ni miguu ya Bibi, ni mtu mzima, sikukulaumu. Safari hii nimeambiwa umeajiri mwenye mbio."

Bibi Ndovu akageuka polepole. Akainamisha kichwa chake kikubwa mpaka jicho lake likawa sawasawa na uso wa Nguchiro.

"Nguchiro. Ng'ambo wananisalimu?"

Nguchiro akafungua mdomo. Karanga zilizokuwa mikononi zikadondoka, pa, pa, pa.

Alingoja apigwe. Bibi Ndovu hakumpiga. Alisema kwa sauti ndogo, "Kila siku nilikuuliza habari za vibuyu. Habari za watu nilikuuliza mara moja tu, nikaridhika na salamu. Kosa hilo ni langu. Lililobaki ni lako. Dawa iko wapi?"

"Kwa wakubwa, Bibi. Wameiweka uvunguni."

"Haijanywewa?"

"Wainywe kwa lipi? Hawaumwi."

Bibi Ndovu akautazama mti mweupe. Hapakuwa na gome hata la kujaza ganda la yai. "Naweza kwenda kupigana na Nyati na Simba. Lakini sisi tukipigana, mitungi yote itavunjika. Na nikiwaomba, watanipa?"

"Hawatakupa," akasema Nguchiro. "Niliwatia hofu, na mwenye hofu haombeki." "Bibi, niache niende. Mdomo uliowagawia ndio utakaowanyang'anya."

"Nenda. Mtoto wa huyu hana kesho ya kukungoja."

Nguchiro akaondoka mbio ambazo hajawahi kukimbia kwa ajili ya karanga. Pirim! Mlangoni kwa Kiboko.

"Bwana Kiboko, dawa ile..."

"Ichukue!" akalia Kiboko. "Ichukue leo leo! Tangu nianze kuinywa masikio yananivuma vuuuuu, kutwa kucha, na miayo ndiyo kwanza imezidi!"

Huyo alikuwa mwepesi. Twiga naye alitoa yake bila maneno, maana alikuwa bado anaisubiri ya kwanza ishuke. Lakini mitungi mingi ilikuwa kwa wale wawili.

"Hodi kwa Bwana Nyati!"

"Umeleta vingine?"

"Hapana, Bwana. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya ugonjwa. Nchi nzima inajua una mitungi kumi na miwili uvunguni. Watu wanaulizana, mtu mzima wa afya anataka dawa yote hiyo ya nini? Mimi nakutetea, lakini nitakutetea kwa wangapi? Na Simba akishajua kwamba Nyati ni mgonjwa..." Nguchiro akatazama nyuma yake, akashusha sauti. "Mgonjwa hana mbio, Bwana. Sisemi zaidi."

Nyati akasimama. Mavumbi yakatimka puani ijapokuwa mvua ilikuwa inanyesha. "Mimi? Mgonjwa? Nani mgonjwa hapa? Beba! Beba yote uondoke nayo!"

"Ningebeba, Bwana, lakini mimi mdogo. Na nikibeba mimi, nani ataona kwamba wewe una nguvu?"

Nyati akajitwika mitungi yote kumi na miwili kwenye pembe na mgongoni, akaenda mbio kivukoni, gudu gudu gudu, huku akitazama huku na huku kama anaonekana.

Nguchiro akafika kwa Simba anahema.

"Mfalme, sikuja kukuudhi. Lakini Nyati amepeleka dawa yake yote kivukoni, kaibeba mwenyewe, mbio. Anasema nchi hii sasa imebaki na mgonjwa mmoja tu mwenye kulalia mitungi."

"Amesema hivyo?"

"Hakutaja jina."

Alichokifanya Simba hamhitaji kuambiwa. Alinguruma mpaka majani yakadondoka, akaing'ata kamba ya mitungi yake, akaiburuta mwenyewe mpaka mtoni. Akamkuta Nyati pale. Wakatazamana, kila mmoja akatoa kifua mbele kumwonyesha mwenzake uzima wake, na wakati wanatazamana hivyo Bibi Ndovu alikuwa ameshaokota mitungi yote, ameifunga mgongoni, ameingia majini. Mama Digidigi alikaa mgongoni kati ya mitungi. Nguchiro alipanda kichwani.

Hapo mngecheka, wanangu. Yule mdogo mwenye mdomo amewavua wakubwa wote nguo mara mbili, mara ya kugawa na mara ya kurudisha! Mwenyewe alianza kutabasamu. Lakini Mama Digidigi hakutabasamu, alikuwa anatazama ng'ambo tu, na Nguchiro akageuza macho huko huko.

Maji yalifika tumboni, yakafika mabegani. Miguu ile iliyovimba ikawa inapapasa mawe chini, mmoja baada ya mwingine. Bibi Ndovu alikuwa anahema kwa maumivu na hakusimama hata mara moja.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Digidigi. Mtoto alilala kwenye majani, macho yamefumba.

"Uliza," akasema Bibi Ndovu.

"Mimi, Bibi?"

"Wewe. Ndiyo kazi niliyokuajiri."

"Nani anaumwa?" akauliza Nguchiro.

"Huyu mwanangu."

"Tangu lini?"

"Siku tatu leo."

"Amekula nini?"

"Tangu jana, maji tu."

Wakampa uji kwanza, kijiko kwa kijiko, halafu nusu ya dawa. Mtoto akakunja uso, akalia. Mama yake aliposikia kilio kile akalia naye, kwa sababu tangu jana mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia.

Wakaenda nyumba ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Kila nyumba walikuta anayeumwa, na kila nyumba Nguchiro aliuliza, alisikiliza, alipima. Ikabaki ya saba, ya Mama Pimbi, juu ya majabali.

Bibi Ndovu akaweka mguu kwenye jabali la kwanza, mguu ukateleza. "Mimi siwezi kupanda," akasema. "Hapa ndipo nilipokuwa nahitaji miguu yako tangu mwanzo."

Nguchiro akachukua kibuyu kimoja, fundo limefungwa, akapanda mwenyewe. Juu akawakuta majirani wawili watatu wameketi kwenye mkeka, miguu wameinyoosha, wamejifunika kanga.

"Hodi," akasema.

"Karibu, baba," akajibu Mama Pimbi.

"Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa hapa."

Maneno hayo, wanangu, Nguchiro aliyasikia mara nyingi katika mwezi ule, na kila mara alikuwa na jibu lake. Leo akauliza swali la pili.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu jana."

"Alikuwa... alikuwa amekula nini?"

"Hakula. Mwanangu alikuwa anauliza tu kama Bibi Ndovu amefika."

Nguchiro akakaa chini pale pale mlangoni. Aliona uchungu ambao hakuwahi kuuona, hata mwaka ule wa njaa. Alikaa na wafiwa mpaka mvua ikakatika.

Aliposhuka, Bibi Ndovu aliliona fundo la ukindu mdomoni mwa kibuyu, halijafunguliwa. Hakuhitaji kuuliza. Wakasimama pamoja, mkubwa na mdogo, mpaka Bibi aliposema, "Kiapo changu kimevunjika. Tumekivunja wawili."

Siku iliyofuata Nguchiro alifungua ghala lake. Akazipakia karanga kwenye mzega, akauvuka mto ule ule wa baridi, chubwi, chubwi, akazipeleka kwenye matanga ya Mama Pimbi. Akarudi, akapakia tena. Alivuka mpaka ghala likabaki tupu kama mwaka jana. Halafu akaenda konani, akasimama mbali, hakubisha hodi.

"Wafanya nini hapo?" akauliza Bibi Ndovu.

"Nimekuja kurudisha mzega, Bibi."

"Uache begani. Mti utaota gome tena, mimi nitatwanga tena, na miguu yangu haitapona. Bado nahitaji mwenye mbio. Ila kibuyu kitupu sikilipi tena. Utaniletea majibu ya kila nyumba, na kila mwezi ukiandama tutavuka pamoja, nikayasikie na mimi kwa masikio yangu."

Ikawa hivyo. Masika ya mwaka wa pili ilipokwisha, Nguchiro alirudi jioni moja kutoka safari ndefu. Mzega ulikuwa umempinda bega. Vibuyu vyote vilikuwa vimejaa, mafundo yote yamefungwa.

"Nani anaumwa?" akauliza Bibi Ndovu.

"Hakuna anayeumwa, Bibi."

"Na ng'ambo?"

"Ng'ambo pia. Nimepanda mpaka juu, kwa Mama Pimbi. Nimekunywa naye uji."

Bibi Ndovu akaingia shambani, akampimia pishi kubwa kuliko zote alizowahi kumpimia kwa vibuyu vitupu.

Nami nawaachia neno moja, wanangu, mwende nalo kulala: miguu ya kupeleka dawa huazimwa, lakini sikio la kumsikiliza mgonjwa haliazimwi.